Ukitaka Kutisha kwa Kijumba, Jini Mwache Nje

Karibu kila anayeanza kutengeneza diorama ya kutisha, yaani kijumba cha mfano kinachoonyesha tukio, huanza na jini. Anafinyanga pembe, anafinyanga meno, anamwaga rangi nyekundu, halafu anashangaa watoto wa jirani wanapocheka. Sanamu la urefu wa kidole halimtishi mtu kwa ukali wa sura yake. Kinachotisha ni nyumba anayoijua, iliyojengwa sawasawa mpaka kwenye komeo la mlango, kisha kitu kimoja tu kikawa hakipo kinavyopaswa kuwa. Sisi wa Lamu hapa tumebahatika. Wa Ulaya itambidi abuni kasri na popo. Mimi umeme ukikatika nikatoka mtaa wa Langoni kwenda mtaa wa Mkomani, kila kichochoro ni kazi iliyokwisha kuchorwa.

Ukitaka ushahidi, tafuta picha za vyumba vya Frances Glessner Lee wa Marekani. Katika miaka ya 1940 mama huyu alitengeneza vijumba vya matukio ya vifo ili wapelelezi wa polisi wajifunze kutazama. Alitumia kiwango cha 1:12, yaani inchi moja kwa kila futi. Maiti wamo, lakini jicho hunasa kwenye makopo ya jikoni na soksi zilizofumwa kwa mkono. Ule ukawaida ndio unaokukosesha raha.

Nieleze kwa kazi yangu ninayoipenda kuliko zote. Punda amebeba magunia, amegoma katikati ya kichochoro. Mwenyewe hayupo. Mbele yake ni gofu lisilo na paa, ubawa mmoja wa mlango umefunguka kidogo, na ndani kuna mwanga wa kandili. Basi, hakuna zaidi. Mtu wa pwani humwelezi kitu. Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba punda huona tusiyoyaona, na akilia usiku bibi husoma auudhu, dua ya kujikinga na shetani. Mgeni asiyejua hayo naye husita, kwa sababu anaona taa inawaka kwenye nyumba isiyokalika. Nilitaka kuongeza nyayo za kwato kwenye vumbi la ngazi, ile hadithi ya mwanamke mzuri mwenye miguu ya punda, nikaghairi. Vitisho viwili katika kijumba kimoja hupunguziana nguvu.

Kiwango kichague kabla hujanunua chochote. Mimi hupenda 1:24, maana hesabu yake ni nyepesi na mlango unabaki mkubwa wa kutosha kuchongwa nakshi kwa ncha ya sindano. Mtu wa sentimita 168 anakuwa na sentimita 7. Punda wa sentimita 110 begani anakuwa na 4.6 hivi. Sasa chukua futi uende ukapime nyumba halisi, usikisie. Kuta za mawe za hapa ni nene, na ukuta wa nusu mita unataka zaidi ya sentimita 2 kwenye kazi yako. Ukiuweka mwembamba, gofu lako litafanana na boksi la viatu. Upana wa vyumba nao una sababu yake. Boriti za mkoko hazibebi dari pana, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwa 1:24 hiyo ni sentimita 10.4 mpaka 12.5. Ukishika vipimo hivyo, mtu wa Lamu ataitambua nyumba kabla hajaona nakshi wala zidaka, vile vishubaka vya ukutani.

Kuhusu namna gofu linavyobomoka, hapo usitegemee kichwa chako. Vuka uende kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, au ukipata safari ya Malindi pitia magofu ya Gede, ukae na daftari. Utaona kwamba paa ndilo linalotangulia kwenda. Boriti zinaoza na kuanguka, lakini matundu zilimokalia hubaki ukutani, yamejipanga mstari mmoja. Safu hiyo ya matundu matupu inatisha kuliko fuvu lolote, na kuitengeneza ni kazi ya kijiti tu. Kisha tazama lipu: hubanduka kwa mabaka, na ndani yake unaona mawe ya matumbawe yenye vishimo. Mizizi ya miti hufuata nyufa, haipiti popote inapotaka.

Vifaa havina gharama kubwa. Kuta ninazikata kwenye foamu ngumu nyeupe inayokuja na friji au televisheni mpya, kwa kisu kikali, maana kisu butu huing'oa chembechembe. Napaka gundi nyeupe ya maseremala, juu yake unga wa jipsamu wa mafundi wa dari uliokorogwa na maji na gundi kidogo. Palipobanduka lipu, ninagandamiza dodoki kavu kabla mchanganyiko haujashika, na vishimo vya matumbawe vinajitokeza vyenyewe. Boriti ni vijiti vya mshakiki. Magugu ni kamba ya makumbi iliyofumuliwa. Kifusi chukua kwenye vipande vinavyobaki mafundi wanapojenga, kwani mawe ya matumbawe ya kujengea huletwa kutoka Manda na vumbi lake liko kila mahali. Matumbawe ya baharini yaache baharini. Mchanga wa pwani ukiutumia, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, ya kisima au ya mfereji, mara kadhaa. Chumvi ikibaki itavuta unyevu na kutoa madoa meupe juu ya rangi yako.

Onyo moja: rangi ya kopo la kupuliza huila foamu. Usiipulize mpaka foamu yote iwe imefunikwa.

Punda ana mifupa ya waya na nyama ya epoksi, ile ya mafundi wa mabomba, na vaa glavu unapoikanda. Woga wake hauko usoni. Uko kwenye masikio yaliyoelekea mlangoni na uzito wa mwili uliorudi miguu ya nyuma. Nenda kakae karibu na kituo cha punda kilichopo pwani ya mji tangu 1987 uwatazame wanavyosimama, au msubiri mmoja akatae kupita kwenye dimbwi.

Rangi ndipo penye starehe. Natumia akriliki ya maji. Kwanza kijivu cha kahawia iliyokoza kote, mpaka ndani ya nyufa. Halafu rangi nyepesi zaidi kwa brashi karibu kavu, unayoifuta kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu, ndipo uipitishe juu juu ya migongo ya mawe. Mwisho rangi iliyozimuliwa sana, kahawia na kijani, iteremke yenyewe kwenye mashimo. Usitumie nyeusi tupu wala nyeupe tupu. Unyevu hupanda kutoka chini, kwa hiyo chini pawe na giza. Chini ya mchirizi wa paa la jirani teremsha mstari wa ukoga. Upande unaopigwa na mbalamwezi weka kijivu cha buluu kwenye kingo tu. Damu, kama lazima uiweke, kumbuka kwamba ikikauka huwa ya kahawia. Nyekundu inayong'aa ni ya wanaoanza.

Kwa kandili tumia LED ndogo ya mwanga wa joto na betri bapa ya volti 3, ile ya CR2032. Ifiche nyuma ya ukuta ili mtu aone mwanga ukigusa ubawa wa mlango, asione taa. Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo, nikisogeza taa nusu sentimita huku na nusu kule.

Vanishi iwe isiyong'aa, na uipulize wakati wa kaskazi, mchana mkavu. Masika hewa imejaa maji, vanishi hugeuka ukungu mweupe na kuuondoa ni taabu.

Mzee mmoja wa mtaani aliniuliza, "Mwanangu, siku hizi wachonga masanamu?" Nikampa shikamoo, nikamwonyesha. Akamtazama punda, akautazama mlango, akaniambia mimi ni mjinga kuweka kitu kama hicho chumba ninacholala. Sikubishana naye, kwa fundi hiyo ni sifa.

Ukimaliza, funika kwa kasha la kioo, na usiiweke kwenye dirisha linaloelekea bahari, kwani upepo wa chumvi utakula nyaya za taa mapema kuliko unavyodhani. Betri itoe kila unapomaliza kuonyesha wageni.