Gari zero mileji, oili ya kwanza itoke lini?

Swali: "Fundi habari, mwezi uliopita nimechukua gari zero mileji, injini ni 1.5 ya turbo, kila asubuhi natoka nayo Rongai kwenda kazini Upper Hill. Saa hii imesoma 1,300. Kule nilikonunua wananiambia oili ya kwanza inabadilishwa ikifika 10,000, shemeji yangu naye anasema nikingoja mpaka huko nimeshaua injini. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, hongera kwa gari, Mungu akulindie. Shemeji ameongeza chumvi kidogo, injini haifi kwa sababu ya hiyo, lakini ingekuwa gari yangu hiyo oili ningeitoa kati ya 1,500 na 2,000 pamoja na filta yake, halafu baada ya hapo kila 5,000, hiyo habari ya 10,000 ningeisahau kabisa kwa njia yenye unapita.

Iko hivi. Ukuta wa silinda kwa injini mpya sio laini kama kioo, kiwandani wanauchora makusudi mistari midogo midogo inayokatana ili ishike oili, sasa ringi za pistoni zinapopanda na kushuka zinasugua ncha za hiyo mistari mpaka zikae sawasawa. Gia za oili pampu nazo zinazoeana, kila kitu kinatafuta kikao chake. Huo unga wa chuma unaotoka hapo hauna pa kwenda isipokuwa kwa oili. Filta inashika chembe kubwa, lakini zile ndogo sana, za chini ya mikroni 20 hivi, nyingi zinapita tu na kuendelea kuzunguka (unywele wa mtu ni kama mikroni 70, kwa hivyo fikiria hizo ni ndogo vipi). Na kusuguana kwingi kunaisha kwa kilomita mia chache za mwanzo, ndio maana ukitoa oili kwa 1,500 unatoa karibu uchafu wote wa kuzaliwa, haurudi tena kwa wingi huo.

Siku ukienda kufanyiwa, omba usimame karibu uone mwenyewe. Oili ikitoka ikiwa bado moto, ikingiwe kwa beseni safi, halafu ilete kwa jua uitikise polepole, utaona kitu kinang'aa ndani yake kama rangi ya fedha iliyokorogwa, ukiweka tone kwa vidole na kusugua husikii chochote. Hiyo ni kawaida, usishtuke. Unaweza pia kuona vipande vidogo vya silikoni, gundi iliyofinyika ndani wakati wa kuunganisha injini. Kitu cha kukushtua ni vipande unavyosikia kwa vidole kama mchanga, au vinavyong'aa rangi ya shaba, hiyo inaweza kuwa bearing (kile kikalio ambacho shafti ya injini inazungukia) inaliwa, na hapo gari irudi kwa waliokuuzia siku hiyo hiyo. Kama fundi anataka kufungua filta aangalie karatasi ya ndani, asikate na msumeno, msumeno unamwaga unga wake mwenyewe halafu mnaanza kulaumu injini bure.

Sasa kuwa wakweli, sio kila kampuni inasema hivi. Honda kwa vitabu vyao wanaambia mwenye gari asitoe oili ya kiwandani kabla ya wakati wa servisi kufika. BMW nao kwa magari yao ya M, yale ya mwendo kasi, wanataka yaletwe kwa kilomita 2,000 oili itolewe. Injini za siku hizi zinachongwa kwa usafi kuliko zile za baba zetu, kwa hivyo waliokuambia 10,000 hawakudanganyi. Fungua kitabu cha gari kwanza, na kama kimeandika wazi usiguse oili ya kwanza, fuata kitabu.

Lakini hata kitabu chenyewe, ukisoma mpaka mwisho, kina sehemu ya matumizi magumu: safari fupi, vumbi, injini kunguruma gari ikiwa imesimama. Hapo kilomita za servisi zinapunguzwa, mara nyingi nusu. Na hiyo ndiyo maisha yako. Chukua Rongai mpaka Upper Hill, kama kilomita 20, ukitumia saa moja na nusu kwa foleni ya Lang'ata Road umeenda kilomita 13 kwa saa. Kwa mwendo huo 10,000 ni masaa 750 injini ikifanya kazi. Mwenzako anayeenda Nakuru na kurudi akishika wastani wa 70 anamaliza hizo 10,000 kwa masaa kama 140. Dashibodi inaonyesha kitu kimoja, injini zimechoka tofauti kabisa! Oili haihesabu kilomita, inahesabu masaa na joto, na turbo inaichemsha zaidi, na kama injini yako inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ile petroli isiyoungua inateleza kupita ringi inaingia kwa oili na kuilegeza. Mimi hili ndilo linaniuma kuliko oili ya kwanza, kwa sababu watu wanabishana wiki nzima juu ya hiyo ya kwanza halafu wanakaa na oili moja mwaka mzima kwa foleni.

Waranti: usipeleke kwa kichochoro. Rudi kwa shorumu, waambie unataka oili na filta mapema na utalipa mwenyewe, wagonge muhuri kwa kitabu cha servisi, risiti uweke. Oili iwe namba ile ile ya uzito imeandikwa kwa kitabu, kama ni 0W-20 iwe 0W-20, usikubali kuambiwa Nairobi kuna joto weka nzito, na kwa turbo angalia mkebe umeandikwa API SP (alama ya kiwango cha oili) au kiwango kipya zaidi. Nati ya sampu (lile beseni la oili chini ya injini) inataka washa mpya, ile ringi ya kuziba, na ikazwe kwa kipimo. Nimeletewa pikapu mpya ambayo kijana alikaza na bomba mpaka meno ya sampu ya aluminiamu yakaliwa, gari ya miezi miwili, mwenyewe alikuwa karibu kulia, tukabadilisha sampu nzima. Ukiambiwa habari ya flashi (dawa ya kuosha injini ndani) au dawa ya kuongeza, kataa, injini mpya haihitaji. Na ukinunua oili mwenyewe nunua kwa petrol station au kwa wakala anayejulikana, na ukimaliza toboa mkebe, kwa sababu kuna watu wanakusanya mikebe mizuri na kuijaza oili feki.

(Kwa wengine wanaosoma: kama "mpya" yako ni ile imetoka Japan ikiwa na 80,000, haya ya ringi kukaa hayakuhusu, hiyo toa oili ikifika tu kutoka Mombasa kwa sababu hujui iliyomo ni ya lini.)

Kabla ufike hiyo 1,500 usiikanyage sana na usiikokote na gia kubwa ikipanda kilima, badilisha badilisha mwendo. Ukipata Jumamosi iende mpaka Naivasha na kurudi, itasaidia ringi kukaa kuliko wiki nzima ya foleni.

Na uzoee dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kila wiki asubuhi, gari ikiwa pahali tambarare na injini baridi, ivute, ipanguse, rudisha, vuta tena. Ikishuka kidogo mwanzoni ni sawa, ongeza. Lakini ukiona imepanda juu ya alama na ukiinusa inanuka petroli, usingoje kilomita zozote, toa hiyo oili na waonyeshe waliokuuzia wajue.