Maji ya Kurudia

Wiki iliyopita nilisimama juu ya Jebel Shams, Oman, mita 2,997. Hicho ni kilele cha kusini. Cha kaskazini kinakizidi kidogo, lakini pana kambi ya jeshi na raia haruhusiwi. Nimeweka picha, pongezi zimemiminika, na nazipokea zote maana nimezitolea jasho. Ila kuna ndugu mmoja wa Seeb ameniandikia: "Kaka, na mimi nataka kwenda. Lita mbili za maji zinatosha?"

Lita mbili. Ndizo nilizobeba mimi miaka mitatu iliyopita, nusura niache roho.

Mwezi wa tano, mimi na mwenzangu wa kazini. Tulitoka Muscat alfajiri, tukapita Nizwa na Al Hamra, tukasimama kupiga picha ukingoni mwa korongo la Wadi Ghul, tukanywa chai. Tulipoanza kutembea ilikuwa saa nne, jua limeshakaa sawasawa. Tuliambiwa huko juu joto si kama la Muscat, na ni kweli. Huo ndio mtego wenyewe: hewa kavu inalinyonya jasho kabla hujaliona, unadhani uko sawa kumbe unakauka kama ng'onda.

Njia ina alama za njano, nyeupe na nyekundu zilizopakwa kwenye mawe. Unapanda karibu mita 1,000, hakuna kisima wala bomba. Unakiona kilele, unajikaza, unafika, kumbe lilikuwa bega tu la mlima na kilele kiko kule nyuma. Kwenye bega la tatu maji yakaniisha. Mwenzangu akasema, "Kaa hapo kivulini, naenda mara moja narudi." Akaenda, na chupa yake mkononi. Nilikaa chini ya mreteni zaidi ya saa mbili, ulimi umekuwa kama kipande cha gunia, kichwa kinagonga. Aliporudi alinionyesha kwanza picha zake za kileleni, ndipo akanipa maji. Sijasahau.

Kuteremka sikukumbuki vizuri. Magoti ndiyo yanayokumbuka. Jioni, dukani Al Hamra, mzee muuza duka alinisikia nikilalamika kwenye simu, akanijibu kwa Kiswahili safi cha Unguja, maana kazaliwa Malindi ya huko: "Mwanangu, maji ya kwendea na ya kurudia hayatiwi chupa moja."

Basi ushauri wangu wote umo humo. Safari hii nilibeba lita sita. Tatu nilizifunga utepe mwekundu, nikazitia chini kabisa ya begi, marufuku kuzigusa wakati wa kupanda. Zile za kwendea zikiisha kabla hujafika, geuka, hata kama kilele unakiona. Hasa kama unakiona. Nenda kati ya Novemba na Machi, lala huko huko juu, njia inapoanzia, na nguo nzito, maana usiku baridi inaweza kugandisha maji, kisha anza saa kumi na moja alfajiri kwa tochi ya kichwani. Namba ya dharura ni 9999, lakini mtandao unakatikakatika, kwa hiyo mwachie mtu saa ya kukutarajia.

Na vijana wangu, nisemeni vibaya mkitaka, mnajiandaa kwa picha kuliko safari. Miwani ipo, kofia ya mtindo ipo, spika ya muziki ipo, maji hakuna! Tena chagueni wa kwenda naye. Mtu anayekuacha na kiu mlimani, hata mjini atakuacha.

Yule mwenzangu naye ameiona picha yangu, kaandika "hongera bingwa". Sijamjibu. Wewe wa Seeb nakujibu: lita mbili hazitoshi hata za kurudia.