Kwa nini askofu wa Durham alikuwa na sarafu zake

Ndugu yangu, umeuliza iweje askofu wa Durham, kaskazini mwa Uingereza, awe na mahakama, askari na hata sarafu zake, ilhali maaskofu wengi wenzake hawakuwa navyo. Jibu ni mpaka. Durham iko karibu na Uskoti na mbali na London, na wafalme waliona heri mamlaka hayo ayashike askofu, ambaye hakuwa na mtoto halali wa kumrithisha, kuliko kabaila ambaye ukoo wake ungeota mizizi.

Kiti chenyewe cha uaskofu kina asili ya kale zaidi. Mtawa Aidan alikianzisha mwaka 635 katika kisiwa cha Lindisfarne. Watawa wakakihama mwaka 875 kwa kuwaogopa Waviking, wakibeba jeneza la Mtakatifu Cuthbert, aliyekuwa askofu wao zamani, hadi jeneza hilo lilipotua Durham mwaka 995. Askofu Walcher, aliyepewa pia utawala wa Northumbria, eneo la kaskazini mwa Uingereza, aliuawa Gateshead mwaka 1080: wenyeji wenye hasira walilichoma moto kanisa alimokimbilia, naye alipotoka wakamuua.

Ukitaka kukiona kiburi cha cheo hicho (mimi nakiita kiburi), tazama kiti cha Thomas Hatfield, askofu kuanzia 1345 hadi 1381, kilichojengwa juu ya kaburi lake mwenyewe na kufikiwa kwa ngazi.

Mfalme Henry VIII aliyapunguza mamlaka hayo ya askofu mwaka 1536, na yaliyosalia yakarudishwa kwa mfalme mwaka 1836, baada ya kifo cha Askofu William Van Mildert.