Fulu fremu au APS-C? Niambie kwanza unapiga wapi

SWALI: Shkamoo anko. Niko hapa Nkuhungu, Dodoma, napiga picha za sendofu, harusi na mahafali pale UDOM. Nimechoka kuazima kamera nataka yangu. Hela niliyonayo inatosha fulu fremu ya mtumba, ile yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa, na ile lenzi yake ya kawaida, inayofunguka f/5.6 ukizumu mpaka mwisho, au APS-C, yenye sensa ndogo zaidi, ya mirolesi (isiyo na kioo ndani) na lenzi moja ya 35mm f/1.8. Halafu kuna jamaa ananiuzia Nikon D80, anasema ina sensa ya CCD, ile aina ya zamani, na rangi zake siku hizi hazipatikani tena. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huyo wa D80 maana ndo rahisi. Kamera ile ilitoka 2006, megapikseli 10, ISO yake ya kawaida (kile kipimo unachopandisha penye giza) inaishia 1600, na ukifika huko ukumbini kwenye taa za zambarau utatoka na chenga tupu, yale madoadoa ya kwenye picha. Hii hadithi ya rangi za CCD naisikia kila siku ila mi siinunui, sensa iwe CCD iwe CMOS, aina iliyo kwenye kamera nyingi za sasa, yenyewe haioni rangi, inapima mwanga tu, rangi zinatokana na vile vichujio vidogo vilivyokaa juu ya pikseli na jinsi kamera inavyoichakata picha baadaye. CCD ilibuniwa Bell Labs kule Marekani mwaka 1969, Boyle na Smith wakapata Nobel yao 2009, heshima yao wanayo, lakini kwa kazi za usiku CMOS ilishaipita kitambo. Jamaa mwambie asante.

Haya, fulu fremu. Sensa yake ni milimita 36 kwa 24, ya APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6 (za Canon ndogo kidogo hapo), ukipiga hesabu eneo la fulu fremu ni kama mara 2.4. Lenzi zikifunguka sawa na shata (muda wa kupokea mwanga) ikiwa sawa, fulu fremu inakusanya mwanga mara 2.4 na chenga zinapungua, sibishi hata kidogo. Ila we hulinganishi hivyo! We unalinganisha f/5.6 na f/1.8, namba ikiwa ndogo ndo lenzi inafunguka zaidi, na hapo mwanga unapishana karibu mara 10, gawanya kwa 2.4 bado APS-C yako inakusanya kama mara 4 zaidi. Kuchukua sensa kubwa na lenzi finyu ni kama kununua simtanki la lita 5,000 wakati bomba linatoa matone. Chukua APS-C na hiyo 35mm, kwenye APS-C inaona kama 50 ya fulu fremu, bibi harusi na mpambe wake wanaingia vizuri tu. Mahafali ni juani, pale kamera yoyote inapiga.

Kitu ambacho hujauliza na ndo kitakusumbua: mistari mistari kwenye picha chini ya taa za LED. Sensa nyingi za bei yetu zinasoma picha mstari kwa mstari, sasa ukiweka shata ya kielektroniki ile ya kimyakimya, taa inawaka na kuzima wakati sensa bado inasoma, mistari hiyo. Ukumbini tumia shata ya kawaida, na kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50, kaa kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde, taa nyingi za kawaida zitatulia, za MC na DJ siahidi maana zile zina mambo yake. Sony A9 III iliyotangazwa 2023 inasoma sensa nzima kwa mpigo na mistari ya hivyo haina, ila bei yake tuiache tu.

Kabla hujalipa, zunguka uone wenzako wa mjini wanatumia maunti gani (pale lenzi inaposhikia kwenye kamera), siku lenzi ikigoma saa mbili usiku utaazima kwa nani? Hilo kwangu lina uzito kuliko jina la sensa. Na upepo wetu wa Agosti unaujua, mirolesi ukitoa lenzi sensa mara nyingi iko wazi kabisa, kwa hiyo badilishia ndani ya gari, kamera imezimwa na mdomo umeuangalisha chini.

SWALI: Kaka, nina kamera ya Micro Four Thirds, sensa yake ni ndogo hata kuliko APS-C, nataka kupiga michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa. Watu wananicheka eti sensa ndogo.

JIBU: Waache wacheke dada yangu. Sensa yako ni 17.3 kwa 13, ndogo kweli, ila michoro haikimbii! Weka kwenye stendi, ISO 200, shata hata sekunde nzima, chenga hutaziona. Na kama bodi yako ina ile hali ya kusogeza sensa na kuunganisha picha kadhaa, Olympus waliiweka kwenye E-M5 Mark II mwaka 2015 ikatoa megapikseli 40, itumie, mwamba umetulia. Flashi zima, na mtu akikushauri umwagie maji ili michoro ing'ae, kataa.