Shingo ya udi wa babu yako

Wete, Pemba

Mwanangu mpendwa,

Asalaam alaykum. Barua yako imenifikia pamoja na picha. Umeniuliza kama inafaa uirudishe shingo ya udi wa marehemu babu yako kwa gundi ya epoksi na skurubu mbili, kwa kuwa mna onyesho la taarab wiki ijayo. Jawabu langu ni hapana kwa yote mawili, na kwa onyesho hilo azima udi wa mwenzio.

Umesema mbao haikuvunjika, bali shingo imeachia pale inapokutana na tumbo, baada ya udi kushinda ndani ya gari pale Darajani, mjini Unguja, tangu adhuhuri hadi alasiri. Kiungo kile kimeshikwa kwa gundi ya ngozi, yaani ile itokanayo na ngozi za wanyama, ambayo hulainika kwa joto, na nyuzi kumi na moja zilizokazwa huivuta shingo mchana na usiku kwa nguvu inayopita kilo 30. Wala usiilaumu gundi, kwa maana isingeachia yenyewe, ingepasuka mbao.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Ujanani niliufunga udi wangu kwa epoksi na skurubu, nikajiona fundi. Masika moja shingo iling'oka tena, na safari hii ilitoka na pande la gogo la ndani linaloishikilia shingo, kubwa kama kokwa ya embe, likiwa bado limeing'ang'ania skurubu, na vibao vitatu vya mgongo vikafunguka.

Basi toa nyuzi zote. Kandamiza kitambaa kilichochovywa maji ya moto juu ya gundi ya zamani mpaka ilainike, kisha ikwangue taratibu kwa patasi butu. Msasa usiutumie kabisa, kwa sababu hula kingo, na kiungo hubeba pale tu mbao inapogusa mbao. Ukikausha, irudishe shingo bila gundi: ikiwa karatasi haipenyi popote, umefika. Hapo vuta uzi wa kushonea kutoka kwenye kijiti cha kichwani hadi katikati ya kipande kinachoshika nyuzi usoni, uone kama shingo imenyooka. Nyuzi za udi ule zina urefu wa sentimita 60, na shingo inaishia kwenye theluthi, sentimita 20 kutoka kichwani, ambapo kidole hupata sauti ya tano ukihesabu kutoka ile ya uzi mtupu. Shingo ikiinamia mbele hata kidogo, nyuzi zitakaa juu na vidole vitakuuma. Pale kwenye kiungo zisipite milimita 3 hivi kutoka kwenye ubao.

Gundi iroweke katika maji baridi usiku kucha, kisha uiyeyushe katika kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji yenye joto la nyuzi 60. Ikichemka hupoteza nguvu. Zipashe moto pande zote mbili za kiungo kwa mashine ya mkeo ya kukaushia nywele, kwa kuwa gundi hii huganda upesi ikikuta mbao baridi, nawe huna muda wa kufikiri. Paka, unganisha, kisha bana kwa mpira wa ndani wa tairi la baskeli uliokatwa utepe mrefu, ukiuzungusha kutoka makalioni mwa udi hadi shingoni huku ukiuvuta. Uache siku nzima bila kuugusa. Nyuzi usizirudishe kabla ya wiki, maana hewa ya huko kwenu ina unyevu, na ukizirudisha anza kwa kuzikaza chini ya sauti yake kwa siku mbili.

Gundi usinunue. Ami yako anavuka Jumamosi, nami nitampa ile iliyobaki kwangu katika kopo kavu. Kabla hujaipaka, nipigie picha ya kiungo kikiwa kikavu, kwa karibu, upande wa kushoto na wa kulia, uniletee niitazame.

Wasalaam,
Baba yako