Siku mbili Istanbul na mama mwenye magoti mabovu

Dada, umeuliza muone nini Istanbul kwa siku mbili, na mama magoti yanamsumbua. Chukueni hoteli mtaa wa Sultanahmet, hata kama bei iko juu kidogo. Pale Hagia Sophia na Msikiti wa Bluu vinatazamana, katikati ni bustani yenye viti vya kupumzikia.

Hagia Sophia ndiyo inayovuta watu, na inastahili. Ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, Sultani Mehmed II akaifanya msikiti 1453, miaka ya 1930 ikawa makumbusho, na tangu 2020 watu wanaswali tena humo. Watalii hulipa kiingilio na kupelekwa roshani ya juu. Huko kuna kupanda, kwa hiyo muulize mama kwanza kabla hujakata tiketi. Msikiti wa Bluu ni bure. Bebeni mitandio, na msiende saa za swala, hasa Ijumaa mchana.

Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne, na soko kuu la kale hufungwa Jumapili. Soko lenyewe mimi nisingelitengea zaidi ya saa moja. Bei za kwanza ni za mgeni, teremsheni bila aibu.

Siku ya pili pandeni kivuko cha kawaida cha abiria kutoka Eminönü hadi Kadıköy. Mnatoka Ulaya mnaingia Asia mmekaa, mnakunywa chai, kwa nauli ndogo kuliko boti za watalii. Nunueni Istanbulkart, kadi ya kulipia nauli. Inafanya kazi kwenye tramu pia.