Sadaka Haiwezi Kuchukua Nafasi ya Utii

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatutaka tueleze ni amri ipi ya Mungu iliyo ngumu kuliko zote kwa Mkristo wa kawaida kuitii katika maisha yake ya kila siku. Naamini wasomaji wengi watataja kusamehe, na wengine watataja kuwapenda adui au kuuzuia ulimi, wala sina ubishi nao, kwa maana kila mmoja anajua mahali anapolemewa. Mimi nitajibu kwa namna nyingine. Naona kwamba amri iliyo ngumu kuliko zote ni ile ambayo tumekwisha kuielewa na kuikubali, lakini tumepata jambo jingine jema la kumpa Mungu badala yake. Mtu aliyekataa kutii waziwazi anajua kwamba amekataa, na kwa sababu hiyo dhamiri yake inaweza kumsumbua hata akarudi. Aliyeibadilisha amri kwa huduma, kwa sadaka au kwa maombi marefu hana kinachomsumbua, kwa kuwa anajiona mcha Mungu, na huenda hata wenzake wanamsifu.

Mfalme Sauli ndiye mfano ulio wazi kuliko wote, na habari yake imo katika sura ya 15 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Mungu alimwagiza kupitia nabii Samweli aangamize vitu vyote vya Waamaleki, mifugo ikiwa ndani yake. (Najua kwamba agizo lile la vita linawatatiza wasomaji wengi wa Biblia, na linastahili kuzungumzwa kwa makini mahali pake, hapa natazama tu jinsi Sauli alivyojieleza.) Alimwacha hai mfalme Agagi, akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, akaangamiza vile vilivyokuwa vibovu na visivyo na thamani, kisha akaenda Karmeli kujisimamishia ukumbusho. Samweli alipomfikia, Sauli ndiye aliyetangulia kusema, na alisema bila wasiwasi wowote kwamba ameitimiza amri ya Bwana. Nabii akamwuliza, kama ni hivyo, kilio hiki cha kondoo masikioni mwangu ni cha nini? Jibu la Sauli ndilo ninaloomba kila msomaji alitafakari: watu wamewabakiza wale walio bora ili wamchinjie Bwana dhabihu. Hakudai kwamba mifugo ile ni yake. Alitaja ibada, na aliitaja kana kwamba ibada hiyo ingetosha kufunika agizo aliloliacha.

Samweli alimjibu kwa maneno ambayo Wakristo wengi tumeyahifadhi, kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu. Kwa bahati mbaya tumezoea kuishia katika aya hiyo ya 22, ilhali aya mbili mbele yake Sauli mwenyewe anakiri kilichokuwa chini ya maneno yake yote, kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Dhabihu ilikuwa sitara ya woga. Ndiyo maana nasema kwamba tukitaka kujua ni amri ipi inayotushinda, tusianze kwa kuhesabu dhambi zetu za wazi. Tuanze kwa kuuliza ni jambo gani jema tunalolifanya kwa bidii nyingi mno, na ni nini kilichojificha nyuma yake.

Chukueni mfano wa mwajiri anayechelewesha ujira wa mtu anayemfanyia kazi nyumbani au shambani, huku akiahidi mbele ya usharika kwamba atachangia ujenzi wa kanisa. Fedha ni zile zile, na zinatoka katika mfuko ule ule. Akiulizwa, atasema kwa unyofu kabisa kwamba kazi ya Mungu hutangulia. Lakini Kumbukumbu la Torati 24 inamwagiza amlipe mtumishi maskini siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa sababu mtu huyo anautegemea ujira wake kwa moyo wake wote, naye asije akamlilia Bwana juu ya mwajiri. Yakobo analirudia jambo hilo katika sura ya 5 ya waraka wake, akisema kwamba ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimekwisha kuingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo mchango unapotolewa kanisani, mbinguni kuna sauti mbili zinazosikika, na Maandiko yanatuambia waziwazi ni ipi inayosikilizwa.

Yesu alilikuta jambo la namna hiyo hiyo kwa watu wa dini wa wakati wake. Katika Marko 7 anawakemea wale waliofundisha kwamba mtu akisema mali ambayo ingewafaa wazazi wake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi hana tena wajibu wa kumtendea neno baba yake wala mama yake. Alisema kwamba kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sioni kama jambo hili limepitwa na wakati. Wapo watu wazima ambao wazazi wao wanasubiri kutembelewa mwezi baada ya mwezi, nao hawafiki kwa sababu kila mwisho wa juma wana semina, mkesha au mazoezi ya kwaya. Sizidharau kwaya wala semina, maana nimelelewa nazo na zimenijenga. Ninachosema ni kwamba amri ya kumheshimu baba na mama haikuwekewa kifungu kinachowaachilia wenye shughuli nyingi kanisani.

Swali linalobaki ni kwa nini tunapenda mabadilishano haya, na hapa Naamani anatufundisha zaidi kuliko Sauli. Jemadari huyo wa Shamu, aliyekuwa na ukoma, alifika mlangoni kwa nabii Elisha na farasi zake na magari yake, akatarajia nabii atoke, asimame, aliitie jina la Mungu wake na kupitisha mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Elisha hakutoka hata nje. Alimtuma mjumbe amwambie akajioshe mara 7 katika Yordani. Naamani akaghadhibika, akasema kwamba Abana na Farpari, mito ya Dameski, ni bora kuliko maji yote ya Israeli. Watumishi wake ndio waliomwokoa kwa kumwuliza kwa upole kwamba, kama nabii angalimwambia atende jambo kubwa, je, asingalilitenda? Hakika angalilitenda, kwa kuwa jambo kubwa lingemwachia hadhi yake. Kufunga siku nyingi kunaweza kumpa mtu sifa, na kuongoza ibada kunampa jina. Lakini kumpigia simu ndugu mliyekosana na kumwambia, "Nilikukosea, naomba unisamehe," hakumpi mtu chochote cha kujivunia. Wakati mwingine hata hakumpatii jibu zuri. Utii wa kila siku kwa kawaida ni mdogo, haupigiwi makofi, na unatushusha hadi kwenye maji ambayo hatukuyachagua.

Nizungumzie pia maombi, kwa sababu nadhani hapa ndipo waumini wa dhati hujikwaa zaidi. Tumezoea kusema, "Jambo hili bado ninaliombea," nayo ni kauli njema pale ambapo hatujui la kufanya. Lakini mara ngapi tunaisema juu ya jambo ambalo amri yake iko wazi? Hakuna haja ya kuombea iwapo turudishe kitu cha mtu, au tuache kutoa taarifa za uongo kazini, au tumalize uchumba wa siri na mume au mke wa mwingine. Baada ya Israeli kushindwa vitani pale kwenye mji wa Ai, kiongozi wao Yoshua alianguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana hata jioni, na Bwana akamwambia ainuke, akamwuliza kwa nini ameanguka hivyo, kwa sababu kambini kulikuwa na vitu vilivyoibwa na vilipaswa kutolewa. Nisieleweke kwamba napunguza thamani ya maombi. Kuna saa ambapo kupiga magoti ni utii, na kuna saa ambapo utii ni kuinuka.

Wapo wanaosema kwamba wangetii kama wangejisikia tayari moyoni, kwa kuwa kutii bila hisia ni unafiki. Simoni Petro, mvuvi, hakujisikia tayari. Alimwambia Yesu kwamba wamefanya kazi ya kuchosha usiku kucha wasipate kitu, akaongeza, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Uchovu wake na mashaka yake alivisema wazi, kisha akatii navyo vyote viwili vikiwa bado moyoni mwake. Mnafiki ni yule anayejifanya ana moyo asio nao. Anayetii huku akikiri kwamba moyo wake bado ni mzito hamdanganyi mtu.

Lazima niseme neno la tahadhari, kwa kuwa utii ni fundisho linaloweza kutumiwa vibaya, nami nimeumia kuona likitumiwa hivyo. Kumtii Mungu si kumtii kila anayesema kwa jina la Mungu. Kiongozi anayemwagiza mwanamke anayepigwa arudi akanyamaze, au anayewaambia waumini wauze mali zao wamletee yeye, hawezi kujikinga kwa aya za utii. Petro na mitume walipokatazwa kuhubiri waliliambia baraza kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, na baraza hilo lilikuwa la viongozi wa dini. Waberoya, yaani watu wa mji wa Beroya, nao wanasifiwa katika Matendo 17 kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyowahubiri Paulo ndivyo yalivyo. Kama Paulo alistahili kuchunguzwa, hakuna mhubiri wa leo anayestahili kuachwa bila kuchunguzwa.

Aidha, sitaki msomaji aliyechoka ahitimishe kwamba Mungu atampenda baada ya kumaliza kulipa madeni yake yote. Zakayo, mtoza ushuru, alikuwa bado juu ya mkuyu, na mali ya watu ilikuwa bado nyumbani mwake, wakati Yesu alipomwita kwa jina na kumwambia kwamba leo imempasa kushinda kwake. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali na kurudisha mara 4 kwa kila aliyenyang'anywa ilikuja baadaye, nayo ilitoka kwa mtu aliyekwisha kupokelewa. Lakini ilitoka, tena ikiwa na hesabu ndani yake. Zakayo hakuahidi kuwa mtu mwema zaidi kuanzia siku ile na kuyaacha ya nyuma yajifute yenyewe.

Mpangilio huo wa mambo si mpya. Yesu alisema katika Hotuba ya mlimani, Mathayo 5, kwamba ukiwa unatoa sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache pale pale, uende ukapatane naye kwanza, kisha urudi. Torati nayo ilikuwa imeweka utaratibu kama huo. Katika Walawi 6, aliyedhulumu au kupata kitu kwa udanganyifu anamrudishia mwenyewe kitu hicho chote pamoja na sehemu ya tano juu yake, na pamoja na malipo hayo analeta kondoo mume wa sadaka ya hatia, ambaye hasimami mahali pa malipo.

Huenda kuna msomaji anayejiuliza afanye nini ikiwa aliyemkosea amekwisha kufariki, na hajui pa kumpata wa kumlipa. Sura ya 5 ya Hesabu inalijibu swali hilo. Mtu huyo kwanza aungame dhambi aliyoitenda, kisha atoe malipo kamili pamoja na sehemu ya tano. Ikiwa aliyekosewa hayupo, wapewe jamaa zake. Na ikiwa hata jamaa hana, hapo ndipo malipo yanakuwa ya Bwana, yakabidhiwe kuhani.